Istilahi za Jaribio la Pete ya Kahawia

Katika makala haya tunakusudia kufafanua istilahi chache zinazohusu jaribio la kemia linalojulikana sana katika shule za sekondari, yaani lile la kutambua nitrati kwa salfati ya chuma. Tumelichagua kwa sababu neno moja likiteleza katika maelezo yake, mwanafunzi hupata jibu lisilo la kweli, na pengine huumia.

Nitrati na nitriti

Nitrati mojawapo inajulikana kwa Waswahili tangu zamani, nayo ni shura, ambayo huchanganywa na makaa na salfa ili kufanya baruti. Ioni ya nitrati ina atomi moja ya nitrojeni na tatu za oksijeni. Ya nitriti ina mbili tu za oksijeni. Tofauti yote hiyo imebebwa na irabu moja. Kanuni tunayoifuata ni kwamba kiishio -ati kionyeshe oksijeni nyingi zaidi na -iti kionyeshe pungufu. Ndivyo ilivyo pia katika salfati na salfiti. Wako waandishi wanaopendelea nitreti na salfeti. Utaratibu huo nao unaeleweka, mradi mwandishi asichanganye njia mbili katika kitabu kimoja.

Kazi ya chuma

Aghalabu chumvi hutambuliwa kwa mashapo yake. Lakini nitrati za kawaida huyeyuka zote katika maji, kwa hiyo hazitoi mashapo, na hatuna budi kutafuta dalili nyingine. Dalili hiyo ni rangi. Penye asidi, chuma(II) huipa nitrati elektroni, nayo nitrati hugeuka kuwa gesi ya nitrojeni monoksidi. Ioni moja ya nitrati huhitaji elektroni tatu, hivyo ioni tatu za chuma(II) huwa chuma(III). Kisha gesi hiyo huungana na chuma(II) kilichosalia, na hapo hutokea rangi ya kahawia.

Hivyo basi, haitoshi kuandika “salfati ya chuma” peke yake. Salfati ya chuma(III) imekwisha kupoteza elektroni inayotakiwa, wala haitoi pete. Hata mmumunyo wa chuma(II), ukiachwa hewani, hugeuka polepole kutoka kijani hafifu kuelekea manjano. Ndiyo maana maelekezo husema utengenezwe papo hapo. Tunapendekeza isomwe “chuma mbili” na “chuma tatu”.

Ukali na ukolevu

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Maelekezo mengi husema “mimina asidi kali”. Lakini ukali ni tabia ya asidi yenyewe: asidi ya salfuriki ni kali hata ikitiwa maji mengi. Kinachotakiwa katika jaribio la nitrati ni asidi iliyokolea, imiminwe taratibu kandokando ya neli iliyoinamishwa, ishuke chini bila kuchanganyika. Pete huonekana pale tabaka mbili zinapokutana. Neli ikitikiswa, hupotea.

Nitriti, kwa upande wake, hutoa rangi ya kahawia hata kwa asidi iliyozimuliwa. Mfasiri asiyetenganisha maneno haya humwondolea mwanafunzi njia ya kupambanua ioni mbili hizi. Zaidi ya hayo, nitriti ikiwamo huficha ukweli kuhusu nitrati, kwa hiyo huondolewa kwanza, kwa mfano kwa asidi ya salfamiki. Bromidi na iodidi nazo huweza kudanganya jicho.

Umuhimu wake nje ya maabara

Tofauti ya irabu moja ina uzito katika maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limependekeza kisichozidi miligramu 50 za nitrati katika lita moja, lakini miligramu 3 tu za nitriti. Nitriti huingia katika damu na kukigeuza chuma(II) cha himoglobini kuwa chuma(III), ambacho hakibebi oksijeni. Watoto wachanga ndio wanaodhurika upesi. Jaribio la pete halipimi viwango vidogo namna hiyo, wala lisitumiwe kuthibitisha usalama wa kisima. Lakini anayejifunza maneno haya leo ndiye atakayesoma taarifa za maji kesho.

Istilahi tunazopendekeza

Chuma(II): chuma kilichopoteza elektroni mbili.
Chuma(III): chuma kilichopoteza elektroni tatu.
Asidi kali: asidi ambayo molekuli zake hutengana karibu zote kuwa ioni katika maji.
Asidi iliyokolea: asidi yenye maji kidogo.
Asidi iliyozimuliwa: asidi iliyoongezwa katika maji mengi.
Pete ya kahawia: tabaka la rangi linaloonyesha kuwapo kwa nitrati.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayapime maneno haya darasani, kwani istilahi hukomaa kwa kutumiwa.