Mfuatano wa Nambari Haubahatishwi

Yapo mazoea katika shule zetu za upili ambayo, kwa maoni yangu, yanadumaza akili za vijana. Mwanafunzi hupewa nambari nne au tano na kutakiwa ataje inayofuata. Akiipata, hutiliwa alama ya vema na somo likaishia hapo. Ni nadra kuulizwa: umejuaje?

Ewe mwanafunzi, chora duara. Tia nukta mbili kwenye mzingo wake, uziunganishe kwa mstari. Duara limegawika sehemu 2. Nukta tatu, zote zikiunganishwa, hutoa sehemu 4. Nne hutoa 8. Tano hutoa 16. Je, sita? Utaapa kwamba ni 32. Chora basi, uhesabu. Hata ukijitahidi vipi, sehemu hazipiti 31.

Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Kila mstari huongeza sehemu moja, na kila mahali mistari miwili inapokatana huongezeka nyingine. Nukta tano zina mistari 10 na makutano 5. Ukijumlisha na duara zima la mwanzo, wapata 16. Nukta sita zina mistari 15 na makutano 15. Jumla ni 31. Kule kurudufika kulikuwa sadfa tu.

Sasa itazame mistari yenyewe: 1, 3, 6, 10, 15. Mimi huziona nambari hizo kila siku katika vibanda vya matunda vya Eastlands, kutoka Kaloleni hadi Kayole. Muuzaji hupanga machungwa yake moja juu, matatu chini yake, kisha sita, kisha kumi. Je, chungwa na duara vina udugu gani? Kila nukta mpya huunganishwa na zote zilizoitangulia, hivyo huongeza mistari 2, kisha 3, kisha 4. Kila tabaka la machungwa nalo hupanuka kwa safu ya 2, kisha 3, kisha 4. Sababu ni moja, ndiyo maana ruwaza ni moja.

Jambo hili si la darasani pekee. Mnamo 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika mipango ya ulaghai ya piramidi. Tuseme kila anayejiunga huleta wawili: 2, 4, 8, 16. Hatua ya 26 ingehitaji watu zaidi ya milioni 67, ilhali sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 38.6. Aliyeuliza watu hao watatoka wapi aliziokoa fedha zake.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu: jibu lipewe alama moja, sababu ipewe mbili. Vitabu vikiadimika, machungwa yapo sokoni, na duara huchorwa hata mchangani.