Hewa Inaingia, Kitoweo Hakitoki

Tulikuwa ufukweni Bustan, bahari kijani kama mchicha. Bibi akauliza, "Imefanywaje hii?" Kwa Kiingereza najua. Kwa Kiswahili nikajaribu hivi:

Bibi, hawa ni Noctiluca, vidudu wadogo wenye mwani tumboni. Usiku wanang'aa. Joaquim Goes na Helga Gomes, waliotoka Goa wakafika Chuo Kikuu cha Columbia, wamewafuatilia miaka mingi Bahari ya Arabuni. Zamani wakati wa baridi diatomu ndizo zilizovuta hewa ya ukaa, zikaliwa na vidudu, vidudu wakaliwa na samaki. Mwaka 2014 waliandika kuwa Noctiluca wanazidi kwa sababu maji yanapungukiwa oksijeni. Na wanaowala sana ni konyeza na salpa, si samaki.

Bibi akanyamaza, kisha: "Kumbe hewa inaingia, kitoweo hakitoki."

Ndo hivyo hasa. Nyie mngemwelezaje bibi yenu?