Uniti Isiyotumika, Nani Aipime?

Nchini Uingereza, majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, familia ziliombwa kuahirisha kufua na kupika katika saa za jioni umeme unapokuwa adimu, nazo zikalipwa kwa kile ambacho hazikukitumia. Kaya na biashara zaidi ya milioni 1.6 zilijiandikisha.

Lakini, ndugu msomaji, mita haisomi umeme ambao haukutumika. Hukisiwa kutokana na matumizi ya siku zilizotangulia, na hapo ndipo hila hupenya. Katika jimbo la Maine, Marekani, wakaguzi wa serikali ya shirikisho walieleza kwamba kiwanda cha karatasi cha Rumford kilipunguza makusudi uzalishaji wa jenereta zake wakati kipimo kikiwekwa, ili kionekane mnunuzi mkubwa. Mwaka 2013 kilikubali kulipa faini.

Faini huwafikia wakubwa. Lipo jambo linaloniudhi zaidi: gharama ya malipo hayo ya Uingereza hatimaye huingia katika ankara za wateja wote, ilhali asiye na mita janja hakuruhusiwa kushiriki. Basi mjane mwenye mita ya zamani humchangia jirani mwenye mashine ya kufulia inayojiwasha yenyewe usiku. Msimamizi wa soko aanzie hapo.