Lugha nyepesi yawapunguzia mawakili gharama za wateja

Soko la matangazo ya mawakili wa Marekani ni miongoni mwa masoko ghali kuliko yote katika intaneti. Mtu anapoandika katika Google neno "mesothelioma", saratani inayoletwa na vumbi la asbesto, kampuni za mawakili wa fidia hushindana kwa mnada ili tangazo lao litokee juu. Anayeshinda hulipia kila anayebofya, awe mteja au mpita njia.

Bei hiyo inatokana na namna mawakili hao wanavyolipwa. Mteja hatoi ada mwanzoni; kesi ikishinda, wakili huchukua sehemu ya fidia, mara nyingi theluthi moja. Chukua mfano wa kampuni inayolipa dola 100 kwa kila mbofyo, na katika watu 40 wanaobofya, mmoja tu ndiye anayetia saini. Mteja huyo amegharimu dola 4,000. Ukurasa ukiandikwa upya kwa lugha inayoeleweka na mmoja katika kila watu 20 akatia saini, gharama inashuka hadi dola 2,000. Bei ya mnada haikubadilika hata senti moja.

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kurasa nyingi za mawakili zimeandikwa kama hati ya kiapo: sentensi za mistari sita, vifungu vya sheria, sifa za waasisi na picha ya jengo. Msomaji ni mtu aliyegongwa na lori juzi, anasoma kwa simu akiwa kitandani. Anataka kujua kama ana kesi, itamgharimu kiasi gani, na muda wa kufungua shauri unakwisha lini. Katika majimbo mengi muda huo ni miaka 2 au 3. Jambo hilo likifichwa katika aya ya tisa, msomaji huwa ameshahamia kwa mshindani.

Mawakili wawili wa Phoenix, Arizona, walilifahamu hilo kabla ya intaneti. Februari 1976, John Bates na Van O'Steen walitangaza gazetini bei za huduma zao, mathalani talaka isiyo na ubishi kwa dola 175, gharama za mahakama mbali. Chama cha mawakili cha jimbo kiliwachukulia hatua. Juni 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba matangazo ya namna hiyo hayawezi kupigwa marufuku. Kenya ilifika huko baadaye: katazo la jumla lilishindwa mahakamani mwaka 2012, na kanuni za 2014 zikaruhusu matangazo kwa masharti.

Nafasi isiyolipiwa, ile inayotokea chini ya matangazo, nayo hupatikana kwa maneno ya mteja. Mgonjwa haandiki "uzembe wa kitaaluma". Anaandika "daktari kakosea upasuaji". Ukurasa unaojibu swali moja, wenye kichwa cha habari kilichobeba maneno hayo na jibu katika aya ya kwanza, una nafuu kuliko ukurasa unaotaja huduma 30 kwa mpigo. Zamani wajanja walirudia neno moja mara 50, ama walijaza kurasa mamia zisizo na kitu. Februari 2011 Google ilibadili vipimo vyake, na tovuti nyingi za aina hiyo zikaporomoka. Aidha, habari za sheria huhesabiwa miongoni mwa zile zinazoweza kumdhuru msomaji, hivyo jina na sifa za wakili aliyeandika zina uzito.

Kipimo kinachotumiwa sana kupima wepesi wa Kiingereza kilitolewa mwaka 1948 na Rudolf Flesch, ambaye mwenyewe alisomea sheria Vienna. Huhesabu urefu wa sentensi na idadi ya silabi katika neno. Kwa Kiswahili hakifai: "hatukukubaliana" ni neno moja lenye silabi nane, na mtoto wa shule analielewa.

Wapo mawakala wanaouza ahadi ya nafasi ya kwanza. Google yenyewe imekwishasema kwamba hakuna anayeweza kuidhamini.

Tangu Januari 2021 Arizona, jimbo lile lile la Bates, inaruhusu wasio mawakili kumiliki kampuni za sheria zilizopewa leseni maalumu, na fedha za wawekezaji zimekuwa zikiingia. Mwenye mtaji huko huonyeshwa kwanza idadi ya watu waliotembelea tovuti. Tarakimu ya kudai ni gharama ya kila mteja aliyetia saini, mwezi kwa mwezi, matangazo ya kulipia yakitengwa na nafasi ya bure.