Herufi C ina sauti ngapi Kamembe?

Muulize mtoto wa miaka sita anayeishi Kamembe herufi C inasomwaje, kisha usimsahihishe haraka. Kama ameanza kusoma Kinyarwanda, atakwambia ni "ch". Binamu yake anayesoma Bukavu, ng'ambo ya mto nchini Kongo, amefundishwa Kifaransa, na humo C huwa "s" au "k" kutegemea irabu inayoifuata. Wimbo wa alfabeti wa Kiingereza wanaoimba chekechea unaiita "sii". Kiswahili cha sokoni hakiitumii kamwe bila H. Majibu yote ni sahihi, na mtoto anayeyachanganya huhesabiwa hajui kitu.

Ndiyo maana hapa wilayani Rusizi, Rwanda, mzazi anayelalamika kwamba mwanawe amechelewa kusoma anastahili kuulizwa kwanza: amepimwa kwa lugha gani? Mtoto wa hapa huamka na Kinyarwanda, hutumwa dukani kwa Kiswahili, husikia Kimashi cha akina mama wanaovuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza na bidhaa zao, na akishuka bonde la Bugarama hukutana na Kirundi. Shule nayo imebadilika mara kadhaa. Mwaka 2008 serikali iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Baadaye madarasa matatu ya mwanzo yakarudishiwa Kinyarwanda. Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitaanza darasa la kwanza, Kinyarwanda kikibaki somo. Kiswahili kikawa lugha rasmi mwaka 2017. Na mtoto wa Kiislamu wa Kamembe au Bugarama, akitoka shule, huenda chuoni kusoma alifu, be, te, kutoka kulia kwenda kushoto.

Wapo wanaosema wingi huu ndio unaowaharibu watoto. Hoja hiyo haina msingi. Lugha nyingi hazimsababishii mtoto ugonjwa wa kusoma, wala hazimkingi nao. Zinachofanya ni kumficha mwenye tatizo la kweli katikati ya wenzake ambao wanahitaji muda tu, na hapo ndipo kazi ya mzazi na mwalimu inapokuwa ngumu.

Ubongo wa binadamu haukuzaliwa na sehemu ya kusomea. Kusema ni kwa kale mno, ilhali maandishi yana umri wa miaka elfu tano hivi. Anayejifunza herufi huazima eneo la nyuma upande wa kushoto wa ubongo, ambalo kazi yake ya awali ni kutambua vitu na nyuso. Mwanasayansi Mfaransa Stanislas Dehaene ameeleza kwa kirefu gharama ya kuazima huko: eneo lile limezoea kwamba kitu hakibadiliki kikigeuzwa. Kikombe ni kikombe, mkono wake ukiwa kulia au kushoto. Sasa mtoto anaambiwa b ikigeuka si b tena, imekuwa d. Hapo ubongo wake unapaswa kuacha kanuni iliyomfaa tangu kuzaliwa.

Kwa hiyo mtoto wa miaka mitano au sita anayeandika S kinyumenyume, au kuchanganya b na d, hana dalili ya lolote. Hali hiyo hupungua yenyewe hadi kufikia miaka saba au minane. Anayesoma Kiarabu alasiri ana sababu ya ziada ya kuanzia mstari upande usiotarajiwa. Mwekee kidole pale pa kuanzia, basi. Wazazi wengi hutishwa na herufi zilizogeuka, huku dalili zenye uzito zikiwapita masikioni.

Nasema masikioni kwa sababu kusoma huanzia kwenye sauti. Kabla ya kuijua herufi M, mtoto anahitaji kusikia kwamba "mama", "maji" na "meza" yanaanza kwa sauti ileile. Katika lugha zetu silabi ni rahisi kusikika, kwa kuwa karibu kila moja huishia na irabu. Mwambie apige makofi: Ka-me-mbe, matatu. Bu-ga-ra-ma, manne. Wengi wa miaka minne na mitano huweza. Kuitenga sauti ya kwanza peke yake ndiko kugumu, na huja wakati mtoto anajifunza herufi zenyewe, kila kimoja kikikikuza kingine.

Hapo ndipo ningewaomba wazazi wapunguze ule wimbo wa alfabeti. Mtoto anaweza kuuimba wote pasipo kujua herufi hata moja, na majina ya herufi humchanganya: "be" na "a" zikiunganishwa hazitoi "ba". Mfundishe mlio wa herufi, uanze na zile za jina lake, moja au mbili kwa wakati, kisha umwonyeshe bila mpangilio. Ba, be, bi, bo, bu ya wazee wetu ilikuwa njia nzuri, ila darasa zima linaweza kuikariri kama shairi. Anza na "bo", rukia "be", utajua nani anasoma.

Kinyarwanda kina mtego wake ambao Kiswahili hakina. Irabu ni tano, lakini konsonanti huungana katika mafungu, walimu huyaita ibihekane, na mafungu kadhaa hayatamkwi kama yalivyoandikwa. "Umwana" hutamkwa karibu na "umng'ana". Hata jina la nchi lina mlio wa "g" uliojificha kati ya R na W. Mtoto akiandika "umngana", mwalimu ataweka kosa, na ni kosa kweli. Lakini limetoka kwenye sikio zuri: mtoto amesikia sauti na kuitafutia herufi. Huyo yuko njiani. Anayepaswa kutuhangaisha ni yule anayeandika "uanm", kwa kuwa maandishi yake hayana uhusiano na sauti. Hivyo hivyo kwa L na R. Kinyarwanda hakitofautishi sana sauti hizo, na mtoto anayeandika "kurara" akikusudia "kulala" anaandika anavyosema.

Tatizo la kweli lina jina, disleksia, na lina historia. Mwaka 1896 daktari Mwingereza W. Pringle Morgan aliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu Percy, kijana wa miaka 14, mwerevu, mwenye macho mazima, ambaye alikuwa amefundishwa kwa miaka bila kuweza kusoma. Alipoandika jina lake aliandika Precy, wala hakuona kosa. Mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Leo tunajua chanzo chake kwa kawaida ni udhaifu wa ubongo katika kushughulikia sauti za lugha, si uvivu wala akili ndogo. Makadirio ya kawaida ni watoto watano hadi kumi kati ya mia, na hurithiwa: mzazi akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuipata ni kati ya theluthi moja na nusu.

Vitabu vingi kuhusu disleksia vimeandikwa na wazungumzaji wa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni fujo, na humo dalili kubwa ni kusoma kwa makosa. Katika lugha zinazoandikwa karibu kama zinavyosemwa, mtoto mwenye disleksia mara nyingi husoma sawasawa, ila polepole mno. Baada ya miaka miwili ya shule bado anasukuma silabi moja moja, na akifika mwisho wa sentensi ameusahau mwanzo wake. Kwa kuwa hakosei, hupita bila kutambuliwa. Hata hivyo, urahisi wa tahajia usitudanganye. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza watoto wa Tanzania wanavyoandika Kiswahili, walionyesha mwaka 2003 kwamba hata lugha yenye tahajia ya kanuni si jambo dogo kwa anayejifunza kuiandika.

Ufini, ambako tahajia nayo ni nyoofu, watafiti wa Jyväskylä waliwafuatilia watoto kama mia mbili tangu kuzaliwa, nusu yao wakiwa na disleksia katika ukoo. Kipimo kimojawapo kilichotabiri vizuri nani atapata shida kilikuwa chepesi ajabu: mtoto alijua herufi ngapi kabla ya kuanza shule. Kwa hapa kwetu kipimo hicho kitumike kwa tahadhari. Asiyewahi kuonyeshwa herufi hawezi kuzijua. Watoto waliovuka kutoka Kongo mwaka 2025, wengine wakipitia kituo cha wakimbizi cha Nyarushishi, walikuwa na sababu nyingine kabisa za kurudi nyuma kimasomo. Kinachotia shaka ni mtoto aliyefundishwa kwa upole, kila siku, wiki baada ya wiki, na herufi za jina lake bado hazikai.

Dalili nyingine huanza mapema. Mtoto amechelewa kusema. Akiwa na miaka minne havutiwi na michezo ya sauti, hawezi kuendeleza maneno yenye vina. Akiwa na mitano au sita hupapasa majina ya vitu anavyovijua, kila kitu kikiwa "kile", "nanihii". Akiwa darasa la pili, husoma ukurasa kwa ufasaha, kumbe ameukariri. Ziba picha, au mwandikie maneno yasiyo na maana, "tefu", "gomalu". Anayejua herufi atayasoma hata akicheka. Aliyekariri atakwama.

Kisha rudi kwenye lugha. Mpime kwa ile anayoisema vizuri kuliko zote, iwe Kinyarwanda au Kiswahili. Akipiga makofi ya silabi bila shida na kutaja sauti ya kwanza kwa Kiswahili, lakini Kiingereza kikamshinda, huyo anahitaji Kiingereza zaidi. Shida ikimfuata katika kila lugha, ikiwemo ya mama yake, basi kuna jambo.

Kabla ya kutamka neno disleksia, pita kituo cha afya. Kuona vibaya hakuleti disleksia, ila mtoto asiyeona ubao hatasoma. Rwanda ina bahati hapa: mpango wa Vision for a Nation uliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya nchini kote kupima macho, na bima ya afya ya mituweli inasaidia gharama. Masikio yachunguzwe pia, hasa ya mtoto anayetokwa usaha mara kwa mara, kwa sababu sauti kama "p" na "b" humfikia zikiwa zimefifia. Kwa wakazi wa Bugarama, bonde la mpunga lenye joto na mbu, naongeza malaria. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wameonyesha kwamba malaria inayopanda kichwani inaweza kumwachia mtoto udhaifu wa lugha na kumbukumbu muda mrefu baada ya kupona. Mwambie muuguzi kama mtoto aliwahi kupata degedege au kupoteza fahamu.

Nyumbani, dakika kumi kila siku zinazidi saa nzima ya Jumamosi yenye viboko. Andika herufi kwenye vumbi, mtoto aifuate kwa kidole huku akitoa mlio wake. Vitendawili ni dawa isiyouzwa, vya "Kitendawili! Tega!" na vya "Sakwe sakwe! Soma!", hasa ukiongeza masharti ya sauti: nitajie kitu cha jikoni kinachoanza na "s". Vitabu vya watoto vya Kinyarwanda vipo, Éditions Bakame imekuwa ikivichapa tangu 1995. Miradi ya kusoma iliyofadhiliwa na Marekani, kama Soma Umenye ya mwaka 2016 hadi 2021, ilipeleka vingi mashuleni. Baada ya shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, kufungwa mwaka 2025, vilivyopo kabatini vitolewe visomwe hata vikichakaa.

Ukienda kwa mwalimu, usiende na malalamiko peke yake. Chukua daftari lenye tarehe: herufi zipi mtoto anazijua, zipi zimekataa kwa miezi mitatu, na kwa lugha gani. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kugundua hayo mwenyewe, lakini akionyeshwa anaweza kumkalisha mbele, kumpa muda zaidi, kutomlazimisha kusoma kwa sauti mbele ya wenzake, na kumuuliza historia au sayansi kwa mdomo. Kurudia darasa kwa mafundisho yaleyale hakumpi mtoto wa namna hii chochote kipya, kwa hiyo mazungumzo hayo yafanyike muhula wa kwanza, matokeo ya mwisho wa mwaka yakiwa bado mbali.