Risasi Iliyopungua Robo ya Milimita

Ukishakaa Mnazi Mmoja miaka miwili, kila siku unavuka barabara kuingia Kariakoo, kuna kitu unakijua bila kufundishwa na mtu: nembo inauza kuliko kitambaa. Fulana mbili zimetoka robota moja, moja ina maandishi makubwa kifuani, nyingine haina kitu, na bei zake hazifanani hata kidogo. Kwenye risasi za kuwindia nembo hiyo inaitwa Magnum. Makala hii inahusu risasi ambayo haikupewa jina hilo, iliyotengenezwa watu wakiifikiria nchi hii yetu, na ambayo mpaka leo inafanya kazi ya Magnum bila kelele. Inaitwa 9.3×62.

Najua kuna watakaouliza mwalimu mtarajiwa anatafuta nini kwenye mambo ya bunduki. Jibu ni somo la Historia. Nilikuwa naandaa kipindi cha Vita vya Maji Maji kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, nikakutana na mwaka 1905 mara mbili. Julai mwaka huo Wamatumbi walianzisha vita kule Nandete, na Agosti Kinjikitile akanyongwa, yeye aliyewaambia watu kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Mwaka huohuo, mjini Berlin, fundi bunduki aitwaye Otto Bock alitoa risasi mpya ya kuwindia. Wateja wake walikuwa walowezi na mabwana misitu wa makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na koloni kubwa kuliko yote lilikuwa hili letu. Nikaona hapa pana stori.

Kwanza tuelewane kwenye maneno, maana mtaani "risasi" ni kila kitu. Risasi nzima ina ganda la shaba, fataki kitakoni inayowasha moto, baruti ndani, na kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Hizo namba si siri kubwa: 9.3 ni upana wa kichwa kwa milimita, na 62 ni urefu wa ganda. Waingereza wao wanapima kwa inchi. Wakisema .375 wana maana ya sehemu 375 katika elfu moja za inchi, yaani milimita 9.5 hivi.

Na Magnum je? Ni neno la Kilatini, maana yake "kubwa". Wauza mvinyo wa Ulaya walikuwa wakiliita hivyo chupa linalobeba ujazo wa chupa mbili. Mafundi bunduki wakaliazima kwa risasi yenye baruti nyingi kuliko kawaida ya upana wake. Hakuna kiwango rasmi kinachosema hapa ndipo Magnum inapoanzia. Ni jina la dukani tu. Maarufu kuliko zote katika Afrika ni .375 ya Holland & Holland wa London, ya mwaka 1912, na sina nia ya kuisema vibaya. Ni risasi nzuri kweli. Ninachosema ni kwamba sifa zake nyingi, yule mdogo wa Kijerumani alikuwa nazo miaka saba kabla.

Ujanja wa Bock ulikuwa kwenye gharama. Bunduki bora za Waingereza za kuwindia wanyama wakubwa, zile za mitutu miwili, zilitengenezwa kwa mkono na bei yake ilikuwa ya matajiri. Mlowezi wa kawaida hakuwa na hela hiyo. Kilichokuwepo kwa wingi ni Mauser ya 1898, bunduki ya jeshi la Ujerumani: imara, nyepesi kuitunza, na kwa vile viwanda viliizalisha kwa wingi mno, bei yake ilishikika. Bock akaunda risasi ambayo kitako chake kinalingana na cha risasi ya kijeshi ya bunduki hiyo, na urefu wake wote, kama milimita 84, unaingia sawasawa kwenye chemba yake ya kubebea risasi. Kazi kubwa iliyobaki kwa fundi ni kuweka mtutu mwingine. Basi, bunduki ya jeshi imekuwa bunduki ya nyati, na inabeba risasi tano. Ile .375 ina urefu wa kama milimita 91, haiingii humo bila kulazimisha mambo, na inataka bunduki ndefu zaidi na ghali zaidi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Nyati dume anaweza kufikia kilo 800. Ana ngozi nene, ana misuli, mbavu zake ni pana na zimekaribiana. Risasi haimwangushi kwa kumsukuma, haiwezi. Inamwangusha kwa kufika moyoni au kwenye mapafu, na ili ifike lazima ipenye. Kupenya kunategemea sana uzito wa kichwa ukilinganishwa na upana wake. Fikiria msumari na kipande cha mbao. Msumari mrefu mwembamba unazama. Ukichukua chuma chenye uzito uleule ukakitanua kama kisoda, utagonga mpaka jioni.

Haya, tulinganishe. Kichwa cha kawaida cha 9.3×62 kina gramu 18.5, cha .375 kina gramu 19.4. Ukigawa uzito kwa mraba wa upana, majibu yanakuwa yaleyale, hata ukienda desimali mbili. Yaani ni misumari miwili ya aina moja! Tofauti ni mwendo: 9.3 hutoka mtutuni kwa mita 720 hivi kwa sekunde, .375 kwa mita 770 hivi. Wale wa Fizikia wapige hesabu ya nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo, watapata takriban juli 4,800 kwa 5,750. Magnum inazidi kama asilimia 20. Si kidogo. Kwa anayepiga mnyama aliye mita 250 kwenye mbuga wazi, ziada hiyo ina faida, maana risasi inashuka kidogo zaidi njiani. Lakini nyati hawindwi hivyo. Mwindaji anamsogelea, mara nyingi chini ya mita 100, kichakani, na hapo ziada hiyo mnyama haioni.

Anayeiona ni bega la mpigaji. Baruti nyingi maana yake ni teke kali, na teke linamharibu mtu kisaikolojia kabla hata hajafyatua: anafumba macho, anavuta kifyatulio kwa pupa, mtutu unayumba. Risasi inatua tumboni badala ya begani. Nyati aliyejeruhiwa tumbo hafi leo. Anaingia kichakani na maumivu yake, na atakayekutana naye kesho asubuhi huenda ni mama anayekwenda kuchota maji au mtoto anayewahi shule. Hilo ndilo linalonifanya nione mada hii si ya matajiri wa kitalii peke yao. Risasi ambayo mtu wa kawaida anaweza kuipiga akiwa ametulia inaokoa watu ambao hawajawahi kushika bunduki.

Aliyelithibitisha hili kwa njia ya kusikitisha ni Mskoti W.D.M. Bell, aliyezunguka Karamoja, Uganda, kutafuta pembe mwanzoni mwa karne iliyopita. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7, ndogo hata kuliko hii ya Bock. Alisoma mifupa ya kichwa cha tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi kwa kila upande anaosimama. Simsifu kwa biashara ile, wala simshauri mtu amwige kwa risasi ndogo namna ile. Lakini aliyebaki anaamini kwamba ukubwa wa risasi ndio kila kitu ana kazi ya kumjibu Bell.

Kwa nini basi 9.3 haijulikani kwetu? Kwanza vita. Mwaka 1918 Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja na bunduki zake, viwanda vyake na maduka yake. Baada ya Vita ya Pili viwanda vya Ujerumani vikasimama, wakati Marekani kampuni ya Winchester ilikuwa tayari inauza .375 kwenye bunduki ya kiwandani tangu 1937, na mwaka 1956 ikaongeza .458, nayo Magnum. Huko Sweden na Finland 9.3 haikufa. Mpaka leo wanaitumia kwa dubu na kwa yule mnyama wao mkubwa wa jamii ya kulungu, na huwezi kuwaambia kitu. Mwindaji John Taylor, aliyeandika kitabu kuhusu bunduki za Afrika mwaka 1948, naye aliisifu. Sifa hizo zilibaki vitabuni.

Sababu ya pili ni kanuni. Katika Afrika Mashariki ya Waingereza ilijengeka desturi, na kwetu Tanzania imebaki, kwamba kwa wanyama hatari kama nyati na tembo kiwango cha chini ni .375. Risasi ya Bock kwa inchi ni .366. Imepungua kama robo ya milimita, unene wa kurasa mbili tatu za daftari. Sisi wa ualimu tuna kozi ya upimaji na tathmini, na swali la kwanza kabisa pale ni uhalali wa kipimo: je, kinapima kile unachotaka kujua? Unataka kujua kama risasi itafika moyoni, unapima upana! Kuna .375 ya Winchester iliyotoka 1978 kwa ajili ya wanyama wadogo wa kule Marekani, nguvu yake ni kama nusu ya ile ya Holland. Kipimo kikiwa upana peke yake, hiyo inafaulu na 9.3 inafeli. Zimbabwe wanataja vitu viwili, upana usiopungua milimita 9.2 na kiwango cha nguvu kwa kilojuli. Kwa upana 9.3 inapita; kwenye nguvu itabidi ijieleze. Hiyo naiona haki, maana angalau imeulizwa swali lenyewe.

Nisije nikaonekana namsafisha Bock. Risasi yake ilikuwa ya mlowezi, ya kulinda shamba na ng'ombe wake na kupata kitoweo. Mwafrika hakuwamo kwenye hesabu. Tangu 1896 gavana Hermann von Wissmann alikuwa ametoa amri ya kudhibiti uwindaji, na zilizofuata zikazidi kumfunga mkono mkulima, wakati nguruwe pori na tembo wanamaliza mahindi na mtama wake. Wapo wanahistoria wanaoiweka njaa hiyo ya mashamba kuliwa miongoni mwa sababu za Maji Maji, pamoja na pamba ya kulazimishwa. Kwa hiyo mwaka 1905 mmoja anatengenezewa risasi ya bei nafuu ili alinde shamba, mwingine analinda lake kwa gobole la kujificha nalo, au kwa mkuki. Kipindi changu niliishia kukijenga hapo, na wanafunzi wa kidato cha tatu walibishana mpaka kengele ikalia.

Umbali kutoka shamba lile mpaka leo si mrefu. Tunduru, Liwale na Nachingwea tembo bado wanaingia mashambani, na anayeitwa ni bwana nyama wa wilaya, mara nyingi akiwa na bunduki moja na risasi za kuhesabu. Wenzangu mtakaopangiwa shule za huko, mkimkuta bwana nyama kijiweni mwulizeni mambo mawili: bunduki yake inapiga teke kiasi gani, na mwaka uliopita alipewa risasi ngapi za kujifunzia shabaha. Jibu la swali la pili ndilo ninalolitaka zaidi, na mkilipata mniandikie.