Kiambishi cha Yambwa na Mtihani wa Kiingereza

Mtihani wa TOEFL, ulioanza kutolewa mwaka 1964, huwapima wageni waombao nafasi katika vyuo vikuu, hasa vya Marekani. Katika sehemu yake ya sarufi, mtahiniwa alitakiwa kubainisha kosa miongoni mwa maneno manne yaliyopigiwa mstari.

Tuchukue mfano wa mwombaji wa shahada ya uzamili kutoka Mau Narok, palipo na wasemaji wa Kimaasai, Kikuyu na Kiswahili. Katika “mtu niliyemwona”, kiambishi -mw- humrejelea mtu, na Kiswahili sanifu hukihitaji. Kiingereza sanifu hakiruhusu kiwakilishi cha namna hiyo katika kishazi rejeshi. Basi mtahiniwa akikikuta kimetiwa, huenda asione kosa.

Je, hiyo ni dalili kwamba hawezi kusoma vitabu vya kilimo cha ngano? La hasha, maana ya sentensi ameipata barabara. Toleo la mwaka 2005 liliondoa sehemu hiyo ya sarufi, lakini kosa lenyewe laweza kujitokeza katika insha. Kwa hiyo yafaa walimu wa lugha hizi mbili wafundishe tofauti hii waziwazi.